Ule Ukanda Sikuunyoa Mimi

Kezia, aliyeshika kazi yangu, na wengine mtakaokuja baada yake, nimeombwa niwaandikie machache kuhusu kazi ya kutunza uwanja wa kriketi, maana nimestaafu na magoti yangu hayataki tena ubishi na mtu. Walioniomba walitaka mambo ya kupendeza: vikombe, picha, wageni wakubwa waliokuja kula bajia zetu. Hayo yote yametundikwa ukutani kwenye jengo la klabu, nendeni mkayatazame. Mimi nitaandika habari za nyasi, na za mtu mmoja.

Niliingia klabu hii ya jirani na Rayners Lane, London, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilikuwa nikifagia ofisi za watu ambao sikuwahi kuwaona sura. Mimi ni mtu wa Tanga, na huko nyumbani kriketi nilikuwa nikiiona kwa mbali tu: Wahindi wamevaa nyeupe, wamesimama juani kutwa nzima, kila mmoja kivyake, kama watu waliogombana. Nilipoambiwa kuna kazi ya kumsaidia mtunza uwanja, nilifikiri ni kazi ya kupiga fyekeo. Nilikwenda na mabuti yangu ya mvua na imani kubwa.

Mtunza uwanja alikuwa Mwingereza mzee, Dennis, aliyekuwa na masikio makubwa na maneno machache. Siku ya kwanza hakunikabidhi mashine yoyote. Alinipa kisu cha mezani kilichokuwa butu na ndoo, akanionyesha magugu ya kung'oa. Wiki nzima nilitembea kwa magoti. Nilipomuuliza nitaendesha lini mashine ya kukata nyasi, alinijibu nitaiendesha nikishajua ninachokikata. Wakati ule nilimwona mzee mwenye roho mbaya. Kezia naye nilimpa kisu kilekile, na najua aliniona hivyohivyo.

Kwa asiyeujua mchezo, nitaeleza kidogo, nanyi wengine mnivumilie. Katikati ya uwanja pana kiwanja kidogo cha mraba, na humo ndani kuna kanda kadhaa za nyasi, ndefu na nyembamba, zilizoshindiliwa zikawa ngumu. Kila mechi huchezewa kwenye ukanda mmoja. Mrushaji anakuja mbio kutoka upande huu, anadundisha mpira kwenye ukanda, na mpigaji upande wa pili anajitahidi kuupiga usije ukaangusha vijiti vyake vitatu. Ukiacha nyasi kidogo juu ya udongo mgumu, mpira unaruka kwa hasira na mrushaji anafurahi. Ukiunyoa ukanda ukabaki upara, mpira unazubaa, na mpigaji yeyote anajiona bingwa. Kwa hiyo mechi huanza kuchezwa siku nyingi kabla ya wachezaji kuvaa viatu, na anayeicheza ni mtunza uwanja.

Dennis alinifundisha kubonyeza udongo kwa dole gumba na kujua una maji kiasi gani. Alinifundisha kuvuta rola polepole, kwa sababu chuma kikienda haraka kinausukuma udongo badala ya kuukalisha. Alinifundisha kuosha visu vya mashine kila ninapomaliza kukata, hata mvua ikininyeshea, nisilaze nyasi mbichi kwenye chuma. Alipostaafu alinivisha shingoni ufunguo wa banda la mashine, umefungwa kwa kamba ya kiatu, akasema ufunguo ni huo mmoja tu na kiwanja kile kina mtu mmoja tu. Nilifurahi kuliko siku niliyopata pasipoti.

Tangu siku hiyo niliwasumbua wanachama kwelikweli. Mtoto akikimbilia mpira hadi kwenye kiwanja changu, namfokea. Mkubwa akikatiza na kikombe chake cha chai, namfokea vilevile, ila kwa Kiingereza. "Hapa hapaguswi ila na mimi," nilikuwa nikisema, nikiugonga ule ufunguo kifuani. Walinitania wakaniita Sultani wa Majani. Nilijitia nimekasirika, kumbe moyoni nalipenda lile jina.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Kanti. Alikuwa na duka la vyuma Kisumu kabla ya kuja London, na huku akafungua jingine la namna hiyohiyo. Wenzake waliotoka Nakuru, Kampala na Dar es Salaam alizungumza nao Kigujarati, Waingereza alizungumza nao Kiingereza safi, na mimi alizungumza nami Kiswahili cha dukani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza: leta, peleka, toa, ngoja. Sidhani kama alikusudia ubaya. Ndicho Kiswahili alichokihitaji maisha yake yote, hakuwahi kuhitaji cha kuombea samahani.

Basi, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, mrushaji wetu mkuu alivunjika mguu akishuka ngazi za nyumbani kwake, na msimu ulikuwa unaanza. Bwana Kanti akasikia kuna kijana wa Kenya aliyeachwa na timu ya kaunti. Timu za kaunti ndizo za kulipwa, ndiko kriketi inakokuwa kazi. Huyu, Wafula, alitoka Nairobi akiwa na sifa, akacheza huko misimu miwili, halafu mkono ukagoma. Makocha walikuwa wamembadilisha namna ya kukimbia, namna ya kugeuza bega, namna ya kushika mpira, wakambadilisha mpaka hakujua tena kipi ni chake. Mipira ikawa inakwenda inakotaka. Wakamwambia asante.

Bwana Kanti alinisimamisha nikiwa navuta maturubai ya kufunikia ukanda.

"Hamisi, iko kijana moja nachukua. Kaunti imetupa yeye, sisi tajaribu."

"Vizuri, Bwana Kanti. Ana nini?"

"Iko mkono. Kichwa ndiyo bado."

Wafula alifika kwa basi, mrefu, mpole, amebeba begi ambalo nembo ya kaunti ilikuwa imebanduliwa, ikaacha alama ya gundi. Mazoezi ya kwanza alirusha mpira ukapita juu ya kichwa cha mpigaji, wa pili ukaenda kumpiga mtu aliyekuwa akila sambusa. Watu walicheka. Mpira wa tatu hakuurusha kabisa. Alikuja mbio, akafika kwenye mstari, mkono ukaganda hewani na yeye akasimama, akitazama ule mpira kama kitu alichokiokota njiani. Nahodha wetu, Nilesh, mtoto wa Bwana Kanti, akasema kwa sauti kwamba tumeletewa makombo. Wafula alilisikia neno hilo. Aliendelea kufunga kamba za viatu vyake, ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Alipokuwa akiondoka alipita bandani kwangu. Alisikia nikimkemea mbwa wa jirani kwa Kiswahili.

"Mzee wangu, kumbe kuna mtu wa nyumbani huku!"

"Nyumbani kwetu Tanga, wewe ni jirani tu," nilimwambia. "Unajua kuvuta rola?"

Hajui, lakini ana mabega. Kesho yake asubuhi akarudi, tukakivuta kile chuma wawili kwenye ukanda wa kale wa pembeni, ambao hatukuutumia tena kwa mechi. Alipotoa jasho na kuanza kulalamika, nilimpa mpira nikamwambia arushe. Hapakuwa na mpigaji wala vijiti, na mimi nilimgeuzia mgongo nikaendelea kupaka mafuta mashine yangu. Sikumpa ushauri wowote kwa sababu sikuwa nao. Nilichokuwa nimekiona ni kwamba mtu aliyechoka hana nguvu za kujitazama. Mpira wa kwanza ulikwenda vibaya, na uliofuata, na uliofuata. Kisha nikasikia mdundo niliokuwa nikiutambua, ule mkavu, wa mpira uliotua mahali pake. Sikugeuka. Nilisikia mwingine.

Tukafanya hivyo kila asubuhi aliyoweza kuja. Kuvuta kwanza, halafu kurusha, halafu chai ya chupa yangu. Kwenye chai ndipo aliponiambia habari ya baba yake. Mzee huyo alikuwa Bungoma, moyo wake mgonjwa, na mtaa mzima aliutangazia kwamba mwanawe anachezea kaunti Uingereza. Wafula alipoachwa hakuweza kumwambia. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili mzee alimuuliza mechi ilikwendaje, naye akatunga mechi.

"Nimedanganya mpaka nimekuwa expert, mzee wangu. Hata mvua ya hizo mechi naitunga."

"Utamwambia lini?"

"Simwambii. Narudi kaunti, halafu hiyo story inakuwa kweli. Nikikosa msimu huu, mimi sirushi tena, na huyo mzee ataniuliza nini Jumapili?"

Hilo ndilo Wafula alilokuwa akilichezea, kama mlikuwa mkitaka kujua. Nilesh alikuwa akicheza apate picha ukutani.

Kufikia katikati ya kiangazi Wafula alikuwa akiangusha vijiti vya watu kama mtu anayevuna mahindi. Walewale waliocheka sasa walimwita Wafula bhai, yaani ndugu, na kumjazia sahani. Timu ikapanda mpaka ikabaki mechi moja kumaliza msimu, na ushindi wa ligi tulikuwa tumekwisha kuutia mfukoni, mechi yenyewe haikuwa na maana kwetu. Kwa Wafula ilikuwa na maana yote. Mtu wa kaunti alimpigia simu akamwambia atakuja Jumamosi hiyo kumwangalia, kwamba nafasi ipo, na kwamba hatakuwa na siku nyingine ya kuja.

Nilitayarisha ukanda ule kama ninaandaa harusi ya binti yangu Mwanaidi. Niliumwagilia mapema, nikauacha ukauke kwa saa zake, nikaushindilia asubuhi na jioni. Niliacha nyasi fupi za kijani, za kutosha mpira kuuma. Haikuwa hila. Kila mtunza uwanja duniani huwatayarishia wa nyumbani kwake, na Wafula alikuwa wa nyumbani.

Ijumaa, nikiwa napiga chokaa mistari, Bwana Kanti akaja akasimama nje ya kamba niliyozungushia kiwanja, kwa adabu.

"Iko nyasi mingi sana hapa, Hamisi. Nyoa yote."

"Nikinyoa, mpira utalala, Bwana Kanti. Na kesho anakuja yule mtu wa kaunti."

"Mimi najua nani nakuja." Akatazama upande wa jengo. "Wewe fikiri. Sisi naokota yeye, sisi nalisha yeye, sasa yeye iko mzuri, kaunti nakuja kuchukua? Mwaka kesho sisi narusha nani? Wewe?"

Nilimwangalia nikidhani anatania. Mtu yuleyule aliyemfungulia Wafula mlango milango yote ilipofungwa, leo anataka kuufunga mlango wenyewe, ili asitoke. Nilimwambia ukanda umekwisha kutayarishwa na sitaunyoa. Nilimwambia hapa hapaguswi ila na mimi, na nikaugonga ufunguo. Hakubisha. Alisema haya, Hamisi, akaenda zake. Niliosha visu, nikafunga banda, nikaenda nyumbani nimejaa ushindi.

Jumamosi asubuhi nilifika kabla ya watu wote. Ukanda ulikuwa upara. Umenyolewa mpaka kwenye udongo, ukafagiliwa, hata jani la kuokota hapakuwa. Nilikwenda bandani mbio. Kufuli lilikuwa limefungwa, halina hata mkwaruzo. Nilifungua. Mashine ilikuwa imesimama mahali pake, na kwenye visu vyake zilikuwa zimeganda nyasi mbichi. Aliyeitumia hakuwa amefundishwa kuviosha.

Bwana Kanti nilimkuta jikoni anasimamia bajia. Nilimuuliza nani amegusa.

"Nani gani? Ufunguo iko moja, iko kwako." Akanitazama usoni bila kupepesa. "Mimi naona kazi iko sawa kabisa. Asante."

Nilimwona Nilesh nyuma yake akijishughulisha na leso za karatasi. Ukanda mwingine haukuwepo wa kubadilisha. Kuandaa mmoja ni kazi ya siku nyingi, na nyasi haziombwi zikue haraka kwa kuwa mtu ana shida. Nilitoka kumtafuta Wafula nimwambie kabla hajauona, lakini alikuwa amekwisha kuuona. Alikuwa amechuchumaa pale kati, peke yake, anapitisha kiganja juu ya udongo. Halafu akainua kichwa akaniangalia mimi, niliyesimama kwenye kamba, na ufunguo unaning'inia shingoni. Nilesh akamwita wakajipange. Wafula alipita kando yangu akaenda.

Alirusha saa zote alizopewa. Sitasahau. Mkono ulikuwa sawa, mbio zilikuwa sawa, mpira ulitua palepale anapotaka, na kila ulipotua ulilala. Wapigaji wa timu dhaifu kuliko zote waliusubiri kwa raha zao wakaupeleka hadi ukingoni mwa uwanja. Mtu wa kaunti, bwana mmoja mwenye kofia ya majani, aliondoka wakati wa chai. Alisifu bajia.

Nilimfuata Wafula nyuma ya banda akivua viatu.

"Wafula, ule ukanda sikuunyoa mimi. Niliuacha na nyasi zake jana."

"Sawa."

"Kanti alinitaka niunyoe nikakataa. Wameingia usiku, sijui kwa ufunguo gani."

Alimaliza kuvua kiatu. Alipozungumza hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Wewe mwenyewe ulisema hakuna mtu anagusa hapo. Umesema msimu mzima, mzee wangu. Kila mtu anajua. Lock haikuvunjwa, nimeangalia. Sasa unataka niamini nini?"

"Niamini mimi."

"Ungeniambia tu unaogopa kazi yako. Ningeelewa. Mimi nani nikulaumu kwa kazi?"

Akabeba lile begi lenye alama ya gundi akaenda kituoni. Hakurudi hata kuchukua kombe lake la ligi.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Mwanaidi alikuwa shuleni, na nyasi hazikuwa zimenikosea kitu. Nilibadilisha kufuli kwa mkono wangu wiki ileile. Baada ya siku chache Bwana Kanti akaniletea jipya, kutoka dukani kwake, la klabu, lile langu likatolewa. Alinipa ufunguo mmoja, nikaufunga kwa kamba ileile ya kiatu. Sikusema tena kwamba hapaguswi ila na mimi. Watoto wakikimbilia kiwanjani niliwaacha wachukue mpira wao.

Miaka ikapita, tukaingia elfu mbili na zake. Mwanaidi aliolewa akahamia Thamesmead, upande mwingine wa London, na mimi Jumapili nilikwenda kumwona, nikisema Kiswahili na wajukuu wakinijibu Kiingereza. Siku moja kando ya ziwa la kule niliona mtu mrefu anasukuma kiti cha magurudumu, ndani yake kikongwe cha Kizungu kilichofunikwa blanketi. Nilimjua kwa mabega.

Tulisalimiana vizuri. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akasema kazi si mbaya, watu wa kunyanyua ni wengi na yeye ana nguvu. Nilimuuliza habari za baba yake.

"Alifariki. Ule mwaka uliofuata." Akamrekebishia bibi blanketi. "Jumapili ya mwisho nilimwambia nimeangusha wickets sita. Alifurahi sana."

Nilijaribu tena. Nilimweleza tena ile Ijumaa, neno kwa neno, na zile nyasi kwenye visu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyosikilizwa mzee anayerudia hadithi.

"Yameisha hayo, Bwana Hamisi," akasema.

Bwana Hamisi. Zamani nilikuwa mzee wake. Nilirudi kwa Mwanaidi nikashindwa kula.

Sasa nifike mwisho, maana Kezia alikuwepo na ataniumbua nikitia chumvi. Siku ya kuniaga, klabu ilijaa. Bwana Kanti, mwenye fimbo sasa lakini bado mwenyekiti, alisimama akasoma hotuba kwa Kiingereza. Alisema kwamba kwa miaka yote hiyo kiwanja chetu hakijaguswa na mkono mwingine ila wa Hamisi. Watu walipiga makofi, wengine wakafuta machozi. Nilesh, mwenye kitambi na watoto wake, alipiga makofi kuliko wote. Nikaitwa nami niseme neno.

Nilivua ufunguo nikamvisha Kezia. Kisha nikasema, kwa Kiswahili, nikimtazama mwenyekiti, kwamba banda lile lina funguo mbili, na ningefurahi wa pili nao akabidhiwe Kezia leo, mbele ya watu. Nilikuwa nimeipanga sentensi ile miaka mingi, nikivuta rola. Nilitaka nimwone anavyobabaika. Nilitaka aseme tena kwamba ufunguo ni mmoja.

Hakubabaika. Aliweka sahani yake chini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa lundo la funguo la mtu aliyefungua maduka maisha yake yote, akaanza kuzipekua moja moja, akinong'ona. Aliupata. Akahangaika nao kwa kucha mpaka ukatoka kwenye pete.

"Shika, mama," akamwambia Kezia, akitabasamu. "Hii siku zote iko kwangu. Mimi kila kufuli naweka mbili."

"Aksanti, Papa," Kezia akasema kwa Kiswahili cha kwao, akaufunga pamoja na wangu.

Akarudi kwenye sahani yake. Hakuwa ameficha kitu. Alikuwa amesahau kwamba kilikuwa kitu cha kufichwa. Watu wakacheka, wakapiga makofi tena, keki ikakatwa, na ushahidi niliousubiri nusu ya maisha yangu ya kazi ukatolewa hadharani, mbele ya ukumbi mzima, na mtu pekee aliyestahili kuuona alikuwa Thamesmead, zamu ya mchana, anamgeuza mtu kitandani kwa mkono ule.